Mtumba wa Bwanausi Haulegei

Bagamoyo, tarehe tisa Mfungo Nane, mwaka 1301.

Kwa dada yangu na mlezi wangu, Mina binti Mwishehe, aliyeko Mkange, Mungu amzidishie afya.

Nashika miguu yako, dada. Waraka huu ukukute mzima wa mwili na mkunjufu wa moyo, wewe na wote mnaokaa ua mmoja. Kile kikohozi cha mwezi uliopita kimekuacha? Ulisema unakunywa maji ya tangawizi; tia na asali, wala usichoke. Na yule mbuzi wako mweupe amekwisha kuzaa? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Wifi yako Kulthum hajambo ila jino, linamsumbua na hataki kuling'oa, kila siku anasema kesho. Masika yameanza, makuti ya upande wa jikoni yalikuwa yanavuja, nikapanda mwenyewe nikayabadili. Samaki wamekuwa adimu, mchele upo. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Waraka wako niliupata Ijumaa kwa mkono wa yule muuza asali, na nimeusoma mara nne. Umeniuliza neno moja, nami nalirudia hapa ili ujue kwamba nimelielewa. Mumeo Rehani amerudishwa kutoka Mpwapwa, ameondolewa katika safari ya Bwana Hamoudi mbele ya wapagazi wenziwe, kwa kuwa mtumba wa nguo aliokuwa akiubeba ulikutwa umelegea na umepungua doti tatu za merikani. Tangu hapo hakuna msafara unaomtaka. Umemwuliza zaidi ya mara kumi kama aliiba, naye anakutazama tu, hasemi ndiyo wala hapana. Baba zetu wadogo wanakushikilia udai talaka kabla jina la nyumba halijachafuka. Nawe umewaambia wangoje jibu langu mpaka mwezi uandame, maana mtumba ule niliufunga mimi, na mimi ndiye wa kusema kama unaweza kulegea wenyewe au ni lazima mtu aufungue. Ukamalizia kwa kuniambia nisizunguke.

Dada, nitazunguka kidogo. Unanijua tangu ukinibeba mgongoni, sijapata kwenda mahali kwa njia ya mkato. Jibu limo ndani ya kazi yangu, na kazi yangu hujapata kunisikia nikiieleza kwa ukweli. Miaka minne hii kila barua nimekuandikia kwamba mambo ni mazuri na watu wananipenda. Watu wananipenda, hilo ni kweli.

Wakumbuka nilipokuwa ghalani kwa Bwana Hamoudi. Tulikuwa wafungaji kumi na wawili, na msimamizi juu yetu anayepiga kelele tangu kunapopambazuka. Adhana ya alasiri ikilia, naosha mikono, naondoka, ghala linabaki na wenyewe. Mtumba ukilegea huko Ugogo, umelegea mtumba wa ghala. Hakuna aliyejua ni mkono wa nani. Nilipotoka nikajitegemea, nikapata kibanda changu karibu na njia ya misafara, nilisema sasa nimepumzika na kelele za yule msimamizi. Kumbe nimemhamishia kichwani mwangu, na humo hana alasiri.

Kazi yenyewe hujapata kuiona, basi nikueleze. Mtumba hufungwa na watu wawili. Doti moja hutandazwa chini, nyingine hupangwa juu yake, merikani nyeupe na kaniki nyeusi, kisha hukunjwa. Mmoja huvuta kamba ya makumbi, mwenziwe hupiga kwa mchi ili nguo zishuke. Huyu anavuta, yule anapiga, mpaka mtumba unakuwa mgumu hata ukiupiga ngumi unaumia wewe. Halafu huvikwa jamvi na kushonwa. Mtu mmoja hawezi. Akiwa na nguvu za farasi hawezi, maana kamba inataka kuvutwa wakati ule ule mchi unaposhuka. Kisha mpagazi ataubeba begani miezi mitatu, mvua yake na jua lake. Ukilegea unamla bega. Ukiingia unyevu, nguo zinaoza ndani kwa ndani, na Wagogo hawapokei nguo zilizooza kuwa hongo ya kupita nchini kwao.

Mimi nina fundo langu mwenyewe, ninalizungusha mara tatu na kulirudisha chini, na wenye safari wote wanalijua. Hapa mjini imekuwa msemo: mtumba wa Bwanausi haulegei. Nilipousikia mara ya kwanza nilitembea kwa maringo siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kuogopa. Mwoka mikate hujua asubuhi ile ile kama mkate umeungua. Mimi nikifunga mtumba leo, habari zake nitazipata baada ya mwaka, pengine miwili, pengine nisizipate kabisa. Sasa katikati hapo nafanya nini, dada? Natunga habari mwenyewe, na sijapata kutunga habari njema.

Nilikuwa nakula wali, mara moyo unakwenda mbio kana kwamba nimetoka kukimbizwa, jasho jembamba mgongoni, na tonge mkononi silipeleki mdomoni. Kulthum ananiuliza nina nini, nasema sina kitu. Nikimaliza mitumba ishirini, naifungua mitano niione tena, kisha nakasirika na kuifunga upya, na mpigaji wangu wa siku ile anatukana chini chini na kesho harudi. Nilimaliza wapigaji wote wa mtaa. Kazi ikiwa nyingi naogopa kuharibu. Kazi ikikosekana wiki moja naogopa kwamba nimekwisha kuharibu, na habari imefika, na mjini wote wanajua ila mimi. Nikiona watu wawili wanazungumza barazani, nasema wananisema mimi. Mtu mzima na ndevu zangu! Nilikuwa nikipita njia ya nyuma kwenda msikitini.

Kulthum, Mungu ambariki, alinitafutia dawa. Mwalimu akaniandikia kombe, aya kwa zafarani sahanini, nikaziosha na kunywa siku saba, nikapata nafuu ya siku saba. Mama yake Kulthum akasema hayo si maradhi ya kombe, hayo ni pepo, na pepo huyo ni wa bara, amenifuata ndani ya kamba, anataka kupungiwa kwa ngoma na kitambaa chekundu. Nilimwambia kwa heshima zote kwamba pepo wa bara akija mpaka hapa kwa mguu, basi hali yake ni mbaya kuliko yangu. Hakucheka. Mpaka leo anapita hapa na kuninusa.

Tangu mwezi uliopita nimepata mwenzangu wa kudumu, anaitwa Dominiko. Amelelewa kwa mapadre tangu utotoni, akafundishwa useremala huko, sasa ana mke na shamba lake na anataka kazi ya mkono ya kuongezea. Watu walinicheka kushirikiana na mtu wa kwa mapadre. Lakini kule wamekua kwa kengele: kengele ya kuamka, kengele ya kazi, kengele ya kuacha kazi. Kibandani kwangu hakuna kengele, basi Dominiko amekuwa yeye ndiye kengele. Mtumba ukikamilika anausukuma kwa mguu ukutani na kusema umekwisha, halafu anakaa mbele yake. Nikitaka kuufungua niutazame tena, ananiambia nimtazame yeye. Alasiri anaweka mchi chini hata kama kamba iko nusu. Jumapili haji kabisa, na peke yangu siwezi kufunga, kwa hiyo napumzika nipende nisipende. Wiki ya kwanza nilidhani nitamwua. Wiki ya pili nililala mchana, kitu ambacho sijakifanya tangu baba alipofariki. Kuogopa hakujaniacha, usidhani. Lakini sasa kunakuja, kunakaa, kunakwenda, na wali naumaliza.

Juzi Jumamosi, tukiwa tunakunja majamvi, Dominiko aliniuliza jambo ambalo hakuna mtu aliyepata kuniuliza. Aliuliza ni mitumba mingapi iliyopata kufunguka njiani tangu nianze kazi yangu. Nikafikiri. Nikahesabu. Nikamjibu kwamba ni mmoja tu. Akauliza huo nao ulifungukaje. Nikatoka nje nikasimama mvuani.

Haya, dada. Nimezunguka nimefika. Keti kitako.

Mtumba wa Rehani haukulegea wenyewe. Ulifunguliwa. Aliyeufungua ni mimi.

Ilikuwa Mfungo Nne, vuli inanyesha. Safari ya Bwana Hamoudi ilikuwa mitumba arobaini, wakanipa siku mbili. Mmoja katika hiyo niliufunga mvua ikiwa imepiga upande mmoja wa kibanda, na baadaye nikashikwa na wasiwasi kwamba doti za juu zilikuwa na unyevu. Nilizishika kabla ya kuzikunja, nikaona kavu. Usiku ule nikajiambia vidole vyangu vilikuwa na maji, havikuweza kujua. Asubuhi msafara ukatoka kwa ngoma na baruti, nami nikabaki nimesimama njiani kama mtu aliyesahau mtoto.

Unajua desturi yao. Safari ya bara siku ya kwanza haiendi mbali. Wanavuka Mto Kingani, wanapiga kambi Kikoka na kukaa siku mbili au tatu, ili aliyesahau kitu arudi kukichukua na aliyebaki nyuma kwa kuaga wakeze afike. Laiti wangekwenda moja kwa moja! Kwa kuwa nilijua wako Kikoka, sikuweza kutulia. Siku ya pili alfajiri nikavuka mto, nikafika kambini baada ya adhuhuri. Wapagazi walikuwa wametawanyika, wengine kuni, wengine maji, mnyapara wao amelala hemani. Mtumba wangu ulikuwa kivulini, na aliyekaa karibu nao akijikanda mguu ni shemeji yangu Rehani. Ndipo nilipojua kwamba yeye ndiye amepewa kuubeba.

Alifurahi kuniona. Alidhani nimemletea salamu zako. Nilipomweleza nililojia, hakunicheka hata kidogo. Aliniambia mtumba ni mzuri, ameubeba tangu mjini na haujamwuma, niuache. Nikashikilia. Akaniambia basi tumwamshe mnyapara tufungue mbele yake. Nikakataa, maana mfungaji anayefukuza mtumba wake mpaka Kikoka, habari yake itafika Bagamoyo kabla yake mwenyewe. Nikakata ushono, nikafungua kamba, nikatia mkono. Nguo zilikuwa kavu, dada. Kavu mpaka ndani.

Kuufunga tena ndiko kulikonishinda. Mchi sina. Rehani alivuta kwa nguvu zake zote nami napiga kwa gogo la kuni, lakini yeye si mfungaji, na gogo si mchi. Doti tatu zikakataa kuingia. Watu wakaanza kusikika wanarudi. Nikafunga vivyo hivyo, nikashona, nikalipiga fundo langu juu, nikazificha zile doti tatu chini ya kanzu. Rehani alitaka zibaki naye amwoneshe mnyapara. Nikamwambia mpagazi akikutwa na nguo nje ya mtumba ataitwa mwizi papo hapo. Mimi nitazifikisha nyumbani kwa Bwana Hamoudi kesho asubuhi na kueleza yote, na watapeleka habari kwa safari. Akaniamini. Mtu yule ananiamini tangu aje kukuposa.

Sikuzifikisha. Nilikwenda mpaka mlangoni kwa Bwana Hamoudi mara tatu, kila mara moyo unaanza kwenda mbio ule mwendo wake, mara naona wageni wamekaa, mara naona hayupo, mara najiambia kesho. Nikazitia sandukuni. Kila nikifungua sanduku kuvaa, naziona.

Nisikufiche na lililobaki, maana ndilo baya zaidi. Rehani aliporudishwa, mtu wa Bwana Hamoudi alikuja kibandani kwangu na watu wanne kuniuliza kama mtumba wangu unaweza kulegea. Nilijua wanauliza kwa ajili ya nani. Walisimama pale wananitazama kwa heshima. Nami nikajibu kwamba mtumba wa Bwanausi haulegei. Kwa maneno hayo hayo. Basi wakaona ni lazima mtu aliufungua, na wa karibu ni aliyeubeba. Jina langu jema ndilo lililomhukumu mumeo. Kesho yake Rehani mwenyewe alikuja kunitafuta kabla hajashika njia ya Mkange. Nilimsikia anapiga hodi. Nilimwambia Kulthum aseme sipo.

Utaniuliza kwa nini naye hakusema, Mpwapwa mbele ya watu, au hata kwako chumbani. Nimelifikia neno hilo na mkono unataka kuacha. Pale Kikoka, kabla sijaondoka, niliogopa kwamba atasimulia motoni na wenziwe, si kwa ubaya, kwa kuzungumza tu. Nikamwapisha. Kuapa kwa kichwa chake mwenyewe sikukuona kunatosha. Nilimwapisha kwa uhai wako wewe, kwamba akitamka neno lile kwa mtu yeyote, wewe usiuone mwaka mwingine. Alikataa mara mbili. Nikamwomba kwa machozi, akaapa. Kwa hiyo unapomwuliza naye akakutazama tu, dada, anatazama kama bado unapumua.

Jana nilikwenda kwa Bwana Hamoudi na zile doti tatu mkononi, nje ya kanzu, kila mtu azione. Dominiko, ingawa ilikuwa Jumapili yake, alinisindikiza mpaka mlangoni akasimama nyuma yangu nisipate pa kurudia. Nilisema yote barazani, wageni wakiwepo. Bwana Hamoudi aliniuliza kwa nini sikuja siku ile ya kwanza, ningekunywa kahawa na mambo yangekwisha. Ameandika barua ya kumsafisha Rehani, nimeifunga pamoja na hii, itawafaa kwa wenye misafara. Mizigo yake hatanipa tena. Wawili wengine wamekwisha kuondoa yao tangu asubuhi. Nimebakiwa na Mbaluchi mmoja mnunuzi wa meno ya tembo ambaye hajali maneno ya watu, na tutaona.

Na nikwambie ajabu: nimekaa leo tangu alfajiri bila kazi, lile nililoliogopa miaka minne limenifika lote, na moyo umetulia. Aibu ninayo, na majuto ninayo, hayo hayalali. Lakini ule mwendo wa mbio haupo.

Kiapo kile nimekivunja mimi kwa mkono wangu, si yeye. Nilimwendea mwalimu nikamwuliza. Amesema kiapo cha namna ile hakina nguvu juu ya uhai wa mtu, na dhambi ni yangu niliyekitaka, nami nifunge siku tatu. Nimeanza leo. Mwambie hivyo Rehani, mwambie kwa sauti, na umshike mkono unapomwambia. Kwa baba zetu wadogo, waraka huu usomwe barazani wote, na atakayeusoma asiruke mahali kwa ajili ya kunisitiri. Jibu la swali lako ni kwamba huna mwizi nyumbani. Talaka usidai.

Nitafika Mkange mwenyewe Jumatano, inshallah. Nimetanguliza barua kusudi, maana najijua. Nikija bila kutanguliza neno, nitafika mlangoni kwenu nirudi.

Kulthum anakusalimu sana, amelia mchana kutwa na hasemi nami, lakini futari yangu ameipika. Wasalimu jirani zako wote na watoto wao. Nisalimie na Rehani, salamu za pekee, na asipoziitikia usimlazimishe.

Wasalamu. Aliyeandika ni mdogo wako uliyemlea,

Bwanausi bin Mwishehe